Mlisho upi kwa mtandao wetu wa mtaa: RSS, Atom, JSON Feed, twtxt, au tuache milisho kabisa?

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga lava kuelekea mji wetu wa Goma, ujumbe mmoja wa sauti ulinifikia kutoka kwa watu sita tofauti. Mwanaume alikuwa akisema kwamba barabara ya Rutshuru imekatwa. Kati ya wale sita hakuna aliyejua mwenye sauti ni nani, wala aliyasema saa ngapi. Siku tano baadaye, ilipotoka amri ya kuhamisha sehemu ya mji na watu wakamiminika Sake, Gisenyi na kwenye boti za Bukavu, sauti ileile ilirudi ikizunguka kana kwamba imesemwa asubuhi hiyo. Habari ya Jumamosi usiku ilikuwa imegeuka hofu ya Alhamisi.

Tangu siku hizo nimekuwa nikitafuta namna ya watu wa mtaa kupashana habari, ambayo kila neno linabaki na mwenyewe, tarehe yake na saa yake. Sasa tuko watu kama thelathini, wa Himbi, Katindo, Majengo, Ndosho na Birere. Tunaandika mambo madogo yanayobeba siku ya mtu: maji yametoka au bado, gunia la makala limefika bei gani, boti ya Bukavu imebadilisha saa, umeme umekatika upande upi. Tunataka kila mtu awe na mahali pake pa kuandikia, afuate anaowataka, awajibu, na asiombe ruhusa ya kampuni yoyote kufanya hivyo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita, kwa sababu ya kosa la mipangilio ndani ya kampuni moja inayozimiliki zote. Siku ile hata jirani wa nyumba ya tatu ilibidi nimfuate kwa miguu.

Mafundi wanauita mtandao wa kijamii usio na kitovu kimoja. Njia nyepesi kuliko zote ya kuujenga ni milisho. Mlisho ni faili moja tu lililowekwa kwenye anwani ya wazi: juu lina jina la mwandishi, chini lina taarifa zake za karibuni. Anayekufuata anaiambia programu yake isome faili hilo kila baada ya muda. Hakuna kujiandikisha wala kusubiri kukubaliwa. Ukimchoka mtu, unaacha kusoma faili lake, basi.

Ugumu uko kwenye kuchagua faili lenyewe liandikwe kwa muundo gani. Nimejaribu minne, na nimeangalia pia njia tatu ambazo si milisho.

Kipimo nilichotumia ni flashi

Ulinganisho mwingi utakaokutana nao huuliza ni muundo upi una programu nyingi, au ni upi rahisi kuuandikia programu. Mimi nimeuliza jambo lingine kwanza. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini mwetu Kongo, na haikurudi mpaka siku kama ishirini zilipopita. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika. Mtandao unaojengwa hapa bila kukumbuka siku hizo umejengewa mji mwingine.

Kwa hiyo swali langu ni hili: intaneti ikifa, je, mtu akibeba mafaili kwenye flashi au kwenye kadi ya simu kutoka Himbi hadi Birere, programu ya huko itayasoma, itazichanganya taarifa mpya na za zamani bila kurudia hata moja, na itajua nani kasema nini lini? Muundo unaojibu “ndiyo” una nafasi kwetu.

RSS: unajulikana kote, ila unaruhusu mno

RSS ilianzia kwenye kampuni ya Netscape mwaka 1999, na toleo la 2.0, ambalo bado ndilo linalotumika, lilitoka mwaka 2002 chini ya mkono wa mwandishi wa programu Dave Winer. Karibu kila programu ya kusoma milisho inaijua. Karibu podikasti zote duniani zinategemea RSS. Ukitaka tu taarifa zako zisomeke mahali pengi, umefika.

Udhaifu wake ni kwamba karibu kila kitu ni hiari. Taarifa ndani ya RSS inatakiwa kuwa na kichwa au maelezo, kimojawapo tu. Kitambulisho, kile kinachoitwa guid, si lazima. Tulipojaribu flashi kwa mara ya kwanza, mwenzetu mmoja alikuwa ametengeneza faili lake bila guid. Aliandika “Maji yamerudi Himbi”, kisha akarekebisha herufi, kisha akaongeza jina la barabara. Programu ya Birere, kwa kuwa haikuwa na namna nyingine ya kuitambua taarifa, iliangalia maandishi, ikaona yametofautiana, ikaonyesha taarifa tatu. Mama mmoja aliyesoma alituuliza kwa nini maji yanakatika na kurudi kila nusu saa. Alituamini, na sisi tulimdanganya bila kukusudia.

Jambo la pili ni tarehe. RSS inataka tarehe iandikwe hivi:

Tue, 05 Mar 2024 18:30:00 +0200

Majina ya siku na miezi ni ya Kiingereza, na hakuna hiari hapo. Kijana anayenisaidia aliandika skripti fupi ya kutengeneza faili kwenye kompyuta yake, ambayo kama nyingi za hapa imewekwa kwa Kifaransa. Skripti ikachukua jina la siku kutoka kwenye kompyuta na kutoa hivi:

mar., 05 mars 2024 18:30:00 +0200

Alinipigia simu: “Yaya, mbona taarifa za leo zimeangukia chini kabisa, chini ya zile za mwaka jana?” Tulitafuta kosa jioni nzima. Programu ya kusomea haikulalamika wala kutoa onyo. Ilishindwa kuielewa tarehe, ikaihesabu taarifa kuwa haina tarehe, ikaitupa mwisho. Kwa mtandao ulioanzishwa kwa ajili ya kujua neno limesemwa lini, hilo ni kosa baya kuliko faili kukataa kufunguka.

Yote mawili yanazuilika kwa nidhamu. Unaweka sheria ya nyumbani kwamba guid ni lazima, na unailazimisha skripti itumie Kiingereza kwenye tarehe. Lakini watu thelathini wenye programu tofauti, kila mmoja akijiwekea nidhamu yake, ni watu thelathini wa kuwafuatilia.

Atom: yaliyo hiari kwa RSS, hapa ni lazima

Atom ilitoka Desemba 2005 kama RFC 4287 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), na ilibuniwa kwa makusudi kuziba mianya ya RSS. Kama RSS, imeandikwa kwa XML, yaani maandishi yaliyozungushiwa alama za kufungua na kufunga, na programu za kusoma milisho karibu zote zinaisoma. Tofauti ni kwamba kila taarifa lazima iwe na mambo matatu: id, kichwa na tarehe ya kusasishwa. Faili lisilo nayo ni batili, na vikaguzi vya milisho vinakwambia palepale.

Tarehe inaandikwa kwa tarakimu:

2024-03-05T18:30:00+02:00

Kompyuta ya Kifaransa, ya Kiswahili au ya Kichina zitaandika kitu kilekile. Ile +02:00 mwishoni ni saa za Goma, na inasaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu ndugu zetu wa Kinshasa wako saa moja nyuma.

Halafu kuna id, ambayo ndiyo iliyonishawishi. Inatakiwa kuwa ya kudumu na isiyofanana na nyingine yoyote, hata faili likihamishwa, hata seva ikifa. Na haihitaji kuwa anwani inayofunguka. Unaweza kutumia urn:uuid ikifuatiwa na namba ndefu iliyotengenezwa kwa bahati nasibu kwenye simu. Maana yake mwenzetu wa Ndosho ambaye hana jina la kikoa, wala fedha ya kulilipia, anatengeneza kitambulisho halali akiwa nyumbani, bila intaneti, na kitabaki halali miaka yote. Akirekebisha herufi, id inabaki ileile na tarehe ya kusasishwa inasogea mbele. Tulirudia jaribio la flashi kwa Atom: taarifa moja ya maji ikabaki moja, na maandishi yakawa yale ya mwisho.

Atom ina kitu kingine ambacho watu wachache hukitumia: sehemu iitwayo source. Ukikusanya taarifa za watu wengi ndani ya faili moja, kila taarifa inaweza kubeba ndani yake jina na id ya mlisho ilikotoka. RSS ina kitu kinachofanana, lakini kinabeba jina na anwani tu. Kwetu hiyo ndiyo njia ya kutengeneza kile tunachokiita pakiti: milisho thelathini ndani ya faili moja la kubebwa, na kila mtu anabaki na maneno yake.

Na jambo dogo la kwetu hasa: Atom inaruhusu kila taarifa itaje lugha yake. Mwenzetu anaandika asubuhi kwa Kiswahili, jioni kwa Kifaransa, na programu inaweza kuzitenga. RSS inataja lugha mara moja tu, kwa mlisho mzima.

Mabaya yake? Ni XML, na XML haina huruma. Alama ya & moja iliyoachwa wazi, kwa mfano kwenye “Ndizi & sambaza”, inatosha programu kulikataa faili zima. RSS nayo ina ugonjwa huohuo. Dawa ni moja: asiandike mtu kwa mkono, iandike programu. Nimewakataza wenzangu kabisa kufungua faili hilo kwenye kihariri cha maandishi.

JSON Feed

Brent Simmons na Manton Reece waliitoa mwaka 2017, na toleo la 1.1 likafuata mwaka 2020. Mawazo ni yale ya Atom yaliyoandikwa kwa JSON, namna nyingine ya kupanga data kwa maandishi: id ni lazima, tarehe ni za tarakimu, lugha inaweza kutajwa kwa kila taarifa. Ukiijua JavaScript au Python utaisoma kwa mistari mitatu, na alama ya & haina madhara. Kwa urahisi wa kuiandikia programu inaipita Atom bila ubishi.

Nimeiacha kwa sababu mbili. Programu zinazoisoma ni chache kuliko za XML, na sitaki kumwambia mtu abadilishe programu aliyoizoea. Pia majibu hayana njia ya pamoja. Unaruhusiwa kujiongezea sehemu zako ukizianza na mstari wa chini, kwa mfano _jibu, lakini utakachobuni Goma hakitaeleweka na programu ya mtu wa Lubumbashi. Kama unajenga programu yako mwenyewe mwanzo hadi mwisho na hujali za wengine, ichukue.

twtxt: mistari mitupu

Hii ilitokea mwaka 2016 na ina mvuto wake. Faili ni maandishi ya kawaida. Kila mstari ni taarifa: tarehe, nafasi ya tabu, maneno.

2024-03-05T18:30:00+02:00	Maji yamerudi Himbi, upande wa chini.

Mzee aliyewahi kushika daftari la duka anaielewa bila kufundishwa. Unaweza kuiandika kwa mkono kwenye simu ya bei ndogo kabisa. Na ukikosea mstari mmoja, mingine yote inabaki salama, jambo ambalo XML na JSON haziwezi. Hapo nakiri twtxt inatushinda wote.

Kwenye flashi ndipo inapoanguka. Taarifa haina kitambulisho chake. Unachoweza kushika ni anwani ya faili na saa. Walioiendeleza wameongeza alama fupi inayokokotolewa kutoka anwani, saa na maneno, ili watu wajibizane. Lakini ukirekebisha neno moja, alama inabadilika, na majibu yote yaliyoelekezwa kwenye alama ya zamani yanabaki yatima. Na faili likihamia anwani nyingine, alama zote zinahama nalo. Kwa mafundi watano wanaopigana utani, ni raha. Kwa taarifa ambazo mtu atazitegemea kutoka nyumbani na watoto, hapana.

Kuchota ziwani, au kusubiri gari la maji

Milisho yote minne inavutwa: anayesoma ndiye anayefuata faili. ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018 na inayoendesha mtandao wa kijamii wa Mastodon, inafanya kinyume. Ukiandika, seva yako inaisukuma taarifa kwenye seva ya kila anayekufuata.

Aliyekulia Goma ataelewa tofauti hii kwa bidoni, dumu la maji. Ziwa liko palepale. Ukichelewa, ukirudi kesho, maji yapo. Gari la maji likipita mtaani kwako nawe haupo, limepita. Ni kweli kwamba seva za Mastodon hurudia kutuma kwa muda zikikuta mlango umefungwa, na hazikati tamaa mara ya kwanza. Lakini pande zote mbili zinatakiwa ziwe hai, zote ziwe na HTTPS, njia salama ya wavuti, na kila ombi lihakikiwe kwa saini kati ya seva na seva. Hapa kwetu umeme ukikatika siku mbili, kinachokwama si kusoma tu, ni uhusiano mzima kati ya seva mbili. Mlisho unahitaji upande mmoja tu uwe hewani, tena kwa dakika chache, tena mahali popote panapoweza kuweka faili.

Uzito nao usisahaulike. Mastodon kamili inataka hifadhidata za PostgreSQL na Redis, na foleni ya kazi inayozunguka usiku na mchana. Ziko nyepesi zaidi, kama GoToSocial, inayoweza kukaa kwenye SQLite, hifadhidata ya faili moja, na kwa taasisi yenye umeme wa kudumu na mtu wa kuiangalia kila wiki ningeipendekeza bila kusita, kwa sababu ActivityPub inakupa kitu ambacho milisho haikupi: majibu ya watu usiowajua yanakufikia, na taarifa zako zinaifikia dunia kubwa.

Lakini kuchagua milisho hakukufungii mlango huo. Akaunti ya wazi ya Mastodon ina mlisho wake wa RSS: unaongeza .rss mwishoni mwa anwani ya mhusika. Kwa hiyo sisi wa milisho tunawasoma wao bila kuwa na seva yao. Wao kutusoma sisi ndiko kunakohitaji daraja.

Saini: hapa milisho inashindwa kweli

Nilipoweka kipimo cha flashi nilikuwa nimeshaipenda Atom, na ilibidi nijilazimishe kuangalia mahali inapopigwa. Mlisho unaovutwa kwa HTTPS unaaminika kwa sababu umetoka kwenye seva unayoijua. Ukishanakiliwa kwenye flashi, imani hiyo imebaki kwenye seva. Aliyebeba flashi anaweza kubadilisha “barabara imefungwa” kuwa “barabara iko wazi”, na faili litafunguka vizuri tu.

Nostr, njia nyingine ya mtandao usio na kitovu iliyoanza mwaka 2020, imelitatua hili tangu mzizi. Kila taarifa inabeba ufunguo wa wazi wa mwandishi, yaani namba ndefu inayomtambulisha, na saini yake iliyotiwa kwa ufunguo wake wa siri, na id yenyewe inakokotolewa kutoka yaliyoandikwa. Ibebe kwenye flashi, ipitishe kwa wageni kumi, ichapishe kwenye karatasi: ikibadilishwa herufi moja, saini inakataa. Scuttlebutt, iliyobuniwa na Dominic Tarr wakati akiishi kwenye mashua New Zealand, ilikwenda mbali zaidi: simu mbili zikikutana kwenye Wi-Fi moja zinapeana taarifa zilizotiwa saini, bila intaneti kabisa. Kwa kipimo changu mwenyewe, hizi mbili zinastahili alama ya juu kuliko Atom.

Kwa nini basi sijazichagua? Kwa sababu ya simu. Katika Nostr, ufunguo wa siri ndio wewe. Simu ikiibiwa sokoni na ufunguo haukuandikwa popote, umepotea, hakuna wa kukurudishia. Na aliyeupata anaweza kuandika kwa jina lako milele. Katika Scuttlebutt utambulisho umefungwa kwenye kifaa kimoja. Ukirejesha nakala ya zamani na kuandika, msururu wako unagawanyika na wenzako wanaacha kuupokea. Nimehesabu ni wangapi kati yetu thelathini wamepoteza au kubadilisha simu ndani ya mwaka mmoja. Ni kumi na wanne. Siwezi kuwapa ufunguo usiorudishika.

Kanuni za Atom zinaruhusu saini ndani ya XML, lakini ni kazi ngumu na programu za kusoma hazijishughulishi nayo. Tulichofanya ni rahisi zaidi: anayetengeneza pakiti anatia saini faili zima kwa minisign, programu ndogo ya kutia saini, na saini inakaa kwenye faili dogo pembeni. Anayepokea anahakiki mara moja. Haimlindi mwandishi dhidi ya mkusanyaji mwenyewe, na wenzangu wanalijua hilo. Inamlinda kila mtu dhidi ya njia nzima kati ya flashi moja na nyingine.

Kujibizana na kufuatana

Mlisho peke yake ni redio. Majibu ndiyo yanayoufanya mtandao wa kijamii. Atom ilipata nyongeza yake mwaka 2006, RFC 4685: jibu langu linakaa ndani ya mlisho wangu, likitaja id ya taarifa ninayoijibu. Programu yenye milisho yote miwili inayapanga pamoja. Kwa kuwa inashika id na si anwani, majibu yanapanda flashi pamoja na maswali yake na yanakutana tena upande wa pili.

Hasara ni kwamba nikikujibu nawe hunifuati, hulioni jibu langu. Webmention, njia ya kumjulisha mwandishi kwamba ametajwa, iliyopitishwa na W3C Januari 2017, ingemaliza hilo, ila inataka seva iliyo macho kupokea. Sisi tumeitegemea pakiti: mkusanyaji anawafuata wote thelathini, kwa hiyo majibu ya wote yanaonekana na wote. Kwa watu elfu tatu isingewezekana. Na kwa uaminifu, kutosikia kelele za usiyemfuata ni neema katika mji ambao uvumi umeshatoa watu nyumbani kwao.

Orodha ya unaowafuata inaandikwa kwa OPML, muundo wa faili la orodha za milisho, na kuwekwa wazi, ili mgeni akimpata mmoja wetu awapate wengine. Google Reader, programu ya Google ya kusoma milisho, ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013, watu waliondoka na OPML zao na kuendelea kusoma kwingine. Ningependa kila mtu wetu aweze kutuacha hivyohivyo.

Angalizo moja ambalo naliweka kwa herufi nzito moyoni: mlisho ni wa wazi. Yeyote anausoma, na ukifuta, waliokwishauvuta bado wanao. Anayeandika kila jioni kutoka kona moja anajulikana hata akitumia jina la kubuni. Kwetu hakuandikwi habari za wenye silaha, wala nani kalala kwa nani.

Mega

Watu thelathini, faili la KB 20 kila mmoja, ukivuta kila saa kwa saa 16: mivuto 480, yaani takriban MB 9.6 kwa siku, na nyingi ya hizo ni kuvuta tena kilekile. Usikubali. Seva ikiweka alama ya ETag, programu yako inauliza kwanza kama alama imebadilika. Kama bado, inajibiwa 304, yaani “hakuna jipya”, bila faili. Jibu hilo halifiki hata KB moja. Gharama inayobaki ni kusalimiana kwa HTTPS, ambako kila seva mpya inakula KB kadhaa kabla hujapata neno. Ndiyo sababu thelathini kwenye seva thelathini ni ghali kuliko pakiti moja kutoka mahali pamoja, asubuhi na jioni.

Weka pia taarifa ishirini tu kwenye faili kuu, na za zamani uzihamishie kwenye mafaili ya kumbukumbu yanayounganishwa kwa utaratibu wa RFC 5005. Mgeni anayejiunga leo anaweza kurudi nyuma akitaka. Wa zamani halipii tena mega za mwaka jana.

Basi uchague nini?

Kwa kikundi kama chetu, chenye umeme wa kubahatisha, simu zinazopotea na haja ya kubeba habari mkononi, nasema Atom, na nimeshaianza.

Ila kama watu wako wanazungumza kuliko kuandika, na hapa ni wengi, usinisikilize: chukua RSS, weka sauti kama podikasti, na uilazimishe guid tangu siku ya kwanza. Programu ya podikasti iliyo kwenye simu ya mama yako itamtosha. Kama mko mafundi wachache mnaotaka kuanza leo jioni, twtxt itawachukua robo saa. Shirika lenye fundi wa kudumu na hamu ya kusikika mbali, ActivityPub. Na kama hatari yenu kubwa ni mtu kughushi maneno yenu, kuliko simu kupotea, nendeni Nostr, lakini kila mmoja aandike ufunguo wake kwenye karatasi na karatasi ilale nyumba nyingine.

Pakiti yetu ya kwanza yenye saini ilivuka kutoka Himbi hadi Birere Jumanne iliyopita, kwenye kadi ya GB 4, ikiwa na taarifa 212 na majibu 61. Hakuna iliyorudiwa. Kilichobaki ni kuchagua mkusanyaji wa pili, wa Ndosho, ili siku nikikosekana pakiti isikosekane nami. Amekubali, anasubiri betri ya sola.